Waya nene za plagi zitaipandisha Corolla yangu mlima wa Isyonje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, naitumia kati ya Uyole na Tukuyu. Siku hizi ikipanda kuelekea Isyonje inakuwa nzito, na asubuhi zenye ukungu inamisi mpaka ipate moto. Mafuta nayo inakula. Muuza spea mmoja wa Mwanjelwa ananishauri niweke waya za plagi za "pafomansi", nyekundu, za milimita 10, shilingi 160,000. Anasema zina moto mkali, zinaongeza nguvu, zinapunguza mafuta hadi asilimia 20 na hazifi. Za kawaida anauza 45,000. Fundi wangu anamuunga mkono, mwenzangu wa kijiweni anasema ni rangi tu. Nimwamini nani? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

Marahaba kijana wangu. Mwenzako wa kijiweni amekaribia ukweli kuliko hao wawili, ila naye amerahisisha mno. Waya ya plagi haina nguvu yake ya kukupa. Kazi yake ni kufikisha umeme kutoka distributa (kigawanyaji cha umeme wa plagi) hadi kwenye plagi, na katika kazi hiyo ama inaufikisha ama inaupoteza njiani. Kwa dalili ulizoeleza, hasa hiyo ya kumisi kwenye ukungu, inaelekea za kwako zinaupoteza njiani. Kwa hiyo huenda kweli unahitaji waya mpya. Lakini za 45,000, kama ni nzima na ni halali, zitakurudishia kile kile ambacho zile nyekundu zingekurudishia. Hiyo 115,000 ya ziada unanunua maneno.

Nikueleze kwa nini, maana ukielewa hapa hakuna muuza duka atakayekuyumbisha tena.

Betri yako ni ya volti 12. Koili inaukuza umeme huo hadi maelfu ya volti, kwa kawaida kati ya 10,000 na 30,000, ili uweze kuruka ule upenyo mdogo kwenye ncha ya plagi. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba koili haisukumi volti zake zote kila mara. Volti zinapanda mpaka pale plagi inaporuka, basi, zinakomea hapo. Plagi ikihitaji volti 12,000 kuruka, itaruka kwenye 12,000 hata kama koili inaweza kufika 30,000. Na kabla cheche haijaruka, ndani ya waya karibu hakuna umeme unaopita, kwa hiyo ukinzani wa waya (yaani kiasi waya inavyozuia umeme), ambao wauzaji hupenda kuupigia kelele, hauna cha kupunguza wakati huo.

Baada ya cheche kuruka ndipo umeme unapita, na hapa lazima niwe mwadilifu kwa muuzaji wako, kwa sababu ana chembe ya ukweli. Umeme unaopita kwenye cheche ni mdogo sana, makumi ya miliampia. Waya ya kawaida yenye ukinzani wa omu 10,000 itakula volti mia kadhaa hapo, na sehemu ya nishati ya cheche itaishia kuwa joto ndani ya waya. Waya yenye ukinzani mdogo itapoteza pungufu ya hapo, na cheche itakuwa na nguvu kidogo zaidi. Hilo linapimika kabisa maabara. Swali ni kama injini yako ina haja nalo.

Haina. Cheche ya mfumo kama wako ina nishati ya makumi ya milijouli, tuseme 50, yaani jouli 0.05. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulioko kwenye silinda moja ya injini ya sisi (cc) 1,500, ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho, una nishati ya takriban jouli 1,000. Cheche ni sehemu moja kwa 20,000 ya nguvu inayotoka hapo. Kazi yake ni kuanzisha moto, na nguvu yote inatoka kwenye petroli. Maharage yakishabandikwa na kuni zikashika, hayaivi upesi eti kwa sababu ulitumia kiberiti kikubwa. Kama mchanganyiko unawaka kila mara kwa wakati wake, cheche nene zaidi haina cha kuongeza. Kama kuna mizunguko hauwaki, hapo ndipo gari linamisi, na hapo ndipo kurekebisha moto kunaleta tofauti unayoihisi kwenye kiti.

Na ndivyo sifa za waya hizi zinavyozaliwa. Mtu ana waya zilizochoka, gari linamisi, anaweka nyekundu, gari linatulia, anakuja kijiweni kusimulia. Hajadanganya. Ila hajawahi kujaribu za kawaida mpya zikiwa kwenye gari lile lile. Mara nyingi siku hiyo hiyo fundi amebadilisha plagi pia, amepuliza eya klina, amesafisha na kifuniko cha distributa. Sifa zote zinaenda kwa kile chenye rangi.

Sasa tuje kwetu huku juu, kwa sababu maneno ya matangazo yameandikwa na watu wasioijua barabara yako. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na wewe ukivuka safu ya Uporoto kwenda Tukuyu unapita zaidi ya mita 2,000. Kwa mwinuko wa Mbeya, mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) inavuta hewa pungufu kwa kiasi hicho hicho, na nguvu inashuka hivyo hivyo. Injini iliyopimwa farasi 100 pwani, hapa Uyole unatembea na themanini na kitu, na kule juu hata pungufu. Sehemu ya huo uzito unaoulalamikia ni milima yenyewe, na hakuna waya duniani itakayokurudishia hewa ambayo haipo.

Kuna la kushangaza zaidi. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika kuruka upenyo hutegemea mgandamizo wa gesi iliyomo pamoja na ukubwa wa upenyo. Hewa ikiwa nyepesi, cheche inaruka kwa urahisi. Maana yake plagi yako huku Mbeya inahitaji volti chache kuliko plagi ile ile ikiwa Kariakoo. Kama kuna mahali moto mkali zaidi unahitajika kwa Corolla isiyo na tabo, basi si Isyonje.

Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili unaokuhusu. Hewa nyepesi inayoirahisishia plagi ndiyo inayoirahisishia waya mbovu kuvuja. Umeme wa maelfu ya volti unatafuta njia fupi ya kufika kwenye bodi, na ganda la waya likiwa na ufa, cheche inarukia kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) au kwenye waya ya jirani badala ya kwenda kwenye silinda. Ongeza unyevu. Rungwe ni mojawapo ya wilaya zenye mvua nyingi zaidi nchini, na ule ukungu wa asubuhi unalowesha kila kitu chini ya boneti. Vumbi la barabara likichanganyika na unyevu juu ya ganda la waya linakuwa njia ya umeme. Injini ikishapata moto, unyevu unakauka na gari linatulia. Umeielezea dalili hiyo vizuri kuliko mafundi wengi wanavyoieleza.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fanya uchunguzi. Usiku, mahali penye giza, washa gari, fungua boneti, uangalie bila kugusa kitu. Waya inayovuja utaiona: vicheche vya bluu vinatembea juu ya ganda au vinarukia kwenye chuma. Ukiona giza tupu, chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kinyozi inafaa, nyunyiza ukungu mwepesi wa maji safi juu ya waya na kifuniko cha distributa. Injini ikianza kuyumba, umempata mwizi. Angalia mikono na nguo zisikaribie mkanda na feni, na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asisogee kabisa.

Halafu zima gari, subiri lipoe, chomoa waya moja moja. Shika kwenye kofia yake, usivute waya yenyewe, maana nyuzi za ndani zinakatika na nje huoni kitu. Angalia mambo mawili. La kwanza ni kutu ya kijani au nyeupe kwenye vyuma vya ncha. La pili, ambalo kwenye injini za 5A nalikuta mara kwa mara, ni oili ndani ya mashimo ya plagi. Plagi za injini hii zimekaa ndani kabisa katikati ya tapeti kava, na zile sili zake zikikauka, oili inashuka na kulowesha kofia za waya. Mpira unavimba na kulainika, umeme unaanza kuchora mistari myeusi ndani ya kofia, na gari linamisi. Ukiweka waya nyekundu za 160,000 juu ya shimo lenye oili, baada ya miezi kadhaa zitakuwa kama hizo za sasa. Sili kwanza, waya baadaye.

Kisha multimita (kipima umeme). Weka kwenye omu, gusa ncha moja na nyingine. Vitabu vya Toyota vya injini hizi vinaweka kikomo cha omu 25,000 kwa waya moja. Waya ndefu itasoma zaidi ya fupi, hiyo ni kawaida. Ikivuka kikomo, au namba ikicheza unapoikunja, hiyo imekwisha. Kumbuka tu kwamba multimita haioni ganda lililopasuka. Waya inaweza kusoma vizuri mezani na ikavuja kwenye ukungu, ndiyo maana nimeanza na kipimo cha maji.

Na tafadhali mkataze fundi wako ile tabia ya kuchomoa waya ya plagi injini ikiwa inaunguruma ili asikie silinda ipi imelala. Wakati wa platini (swichi ya zamani ya moto) ilikuwa inavumilika. Kwenye moto wa kielektroniki, umeme uliokosa pa kwenda unaweza kuua koili au igniti (kifaa kinachoiendesha koili), na petroli isiyoungua inaenda kuharibu masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Achomoe soketi ya nozeli (kinyunyizio cha petroli) ya silinda hiyo, atapata jibu lile lile bila hasara.

Turudi dukani. "Milimita 10" ni unene wa nje wa waya, yaani mpira. Hausemi chochote kuhusu kinachopitisha umeme ndani. Gari limetoka kiwandani na waya nyembamba zaidi na zimefanya kazi miaka yote hiyo. Unene una hasara pia, kwani waya hazikai kwenye vile vishikizo vyake vya plastiki, fundi anavitupa, waya zinalala juu ya chuma cha moto au zinasuguana, na ganda hilo nene linaungua kabla ya wakati. Rangi, sina la kusema. Nyekundu inapendeza.

Ukiambiwa "waya ya kopa tupu, ukinzani sifuri", hiyo ndiyo ingenifanya niondoke dukani. Ule ukinzani umewekwa makusudi. Kila cheche ni mlipuko mdogo wa mawimbi ya redio, na waya isiyo na ukinzani inageuka antena. Utasikia kwenye redio, mlio wa tatata unaopanda na raundi. Redio ni usumbufu tu, lakini kelele hizo zinaweza kuingia pia kwenye waya za sensa na kuichanganya kontroli boksi (kompyuta ya injini), ukapata hitilafu ambazo fundi atazitafuta wiki nzima. Kuna waya nzuri zenye ukinzani mdogo ambazo zimesokotwa kwa uzi mwembamba wa chuma kuzunguka kiini, zinazuia kelele kwa namna nyingine na hazina shida. Tatizo ni kopa iliyonyooka inayouzwa kama teknolojia mpya. Kuitambua ni rahisi: multimita ikisoma karibu na sifuri kwenye waya ndefu, rudisha.

Aina nyingine utakayokutana nayo ni waya zenye kapasita ndani, au zenye msuko wa chuma nje unaofungwa kwenye bodi. Wauzaji wanapenda kuzionyesha mezani: cheche inatoka nyeupe, nene, inalia kama kofi. Ni kweli inatisha. Kinachotokea ni kwamba nishati ile ile inahifadhiwa kidogo na kumwagwa kwa mara moja, kwa hiyo cheche inang'aa zaidi lakini inaisha upesi. Hakuna nishati mpya iliyoingia. Tena maonyesho ya mezani yanafanyika kwenye hewa ya dukani, wakati plagi inafanya kazi ndani ya silinda iliyogandamizwa mara kadhaa zaidi.

Hiyo asilimia 20 ya mafuta ni wimbo wa zamani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima au kutathmini zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kupunguza mafuta, na halikupata hata kimoja kilichopunguza kwa kiasi kikubwa. Miaka ya 1990 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, iliibana kampuni ya plagi za SplitFire kwa madai ya kuokoa mafuta yaliyokosa ushahidi wa kutosha. Kama kubadilisha waya kungeshusha ulaji wa mafuta kwa asilimia 20, Toyota yenyewe ingeziweka kiwandani. Kampuni zinahangaika miaka kupata asilimia mbili.

Je, waya bora hazina faida yoyote? Zinayo, ila si ile inayotangazwa. Ganda la silikoni linavumilia joto kuliko mpira wa kawaida, na karibu na ekzosi hilo lina maana. Kofia zilizokaa sawasawa zinazuia maji, na kwa njia yako ya Tukuyu hilo ndilo ningelilipia. Wenye injini za mashindano, zenye tabo iliyopandishwa presha, au zilizobadilishwa kutumia gesi asilia kama teksi za Dar es Salaam, wanahitaji volti nyingi zaidi kwenye plagi, na huko ganda imara ni lazima. Wewe si miongoni mwao.

Ninavyokushauri ni hivi. Anza na plagi. Plagi iliyochakaa upenyo wake umepanuka, unadai volti nyingi, na volti hizo ndizo zinazotoboa waya. Plagi nyingi za injini hizi zina upenyo wa milimita 0.8 au 1.1; zenye 11 mwishoni mwa namba, kama K16R-U11 ya Denso au BKR5EYA-11 ya NGK, ni za 1.1. Weka aina moja zote nne. Badilisha sili za mashimo kama kuna oili. Fungua kifuniko cha distributa: ukiona mistari myembamba ya kaboni ndani au ncha zilizolika, kibadilishe pamoja na rota (kipande kinachozunguka ndani yake), maana ukungu unaingia hapo kama unavyoingia kwenye waya.

Ukiwa hapo, muombe fundi apime taimingi (wakati wa cheche kuruka) kwa taa, siyo kwa sikio. Kwenye 5A unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, kisha unaweka nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Nimeona Corolla nyingi "zisizovuta" ambazo shida yake ilikuwa distributa iliyozungushwa kidogo na mtu aliyekuwa akitafuta sailensi (mwungurumo wa gari likiwa limesimama) nzuri. Breki ya nyuma iliyojam nayo inakula mafuta kuliko waya yoyote. Ukifika Uyole gusa rimu zote nne, ile yenye moto kuliko wenzake ina kesi.

Waya sasa. Nunua za Toyota yenyewe au za kampuni inayojulikana kama NGK au Denso, za kaboni zenye ganda la silikoni, zilizotengenezwa kwa injini yako ili urefu ulingane. Usiziamini kwa boksi, feki ni nyingi. Nenda na multimita yako dukani. Muuzaji mkweli hatakasirika. Seti halali, ndefu itasoma zaidi ya fupi, na hakuna itakayosoma sifuri. Kama zote nne zina urefu tofauti lakini namba ni moja, uliza kwa nini kabla hujalipa. Seti nzuri hufika kilomita 100,000 bila shida ukiitunza, na hakuna isiyokufa. Iwe nyekundu au nyeusi, joto na oili vinaimaliza.

Ukitaka kujua kama umepata nafuu ya mafuta, usitegemee mshale wa geji. Jaza tangi pampu ile ile mpaka ijikate, fanya safari zako za kawaida za kwenda na kurudi kwa wiki moja, jaza tena pale pale, gawa kilomita kwa lita. Pima kwenda na kurudi kwa pamoja, maana ukipima upande wa mteremko peke yake hata gari bovu litakupa namba za kujivunia.

Wakati wa kufunga, badilisha waya moja moja ili usichanganye mpangilio. Moto unaenda 1-3-4-2. Paka gris ya silikoni kidogo ndani ya kofia, rudisha kila waya kwenye kishikizo chake, sukuma mpaka usikie imeingia. Na hizo za zamani usitupe zote. Ile ndefu kuliko wenzake, kama imepita kipimo cha omu na cha maji, iweke kwenye buti, inafika silinda yoyote siku waya moja ikikukatikia katikati ya Isyonje na Kiwira.